Hewa Ipo, Damu Haifiki: Bonge la Damu Mapafuni na Foleni ya Tunduma

Mji wa Tunduma umekaa juu ya mpaka wa Tanzania na Zambia, katika nyanda za juu zenye kimo cha takriban mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 900, hupita katikati ya mji na kuingia Nakonde. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nayo huvuka mpaka papo hapo. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una sifa ya kahawa na ya kimondo cha Mbozi, lakini mgeni aliyefika Tunduma akirudi kwao husimulia kwanza foleni ya malori.

Foleni hiyo imejadiliwa sana kwa lugha ya biashara: mizigo iliyochelewa, ushuru, siku zilizopotea. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 kilikusudiwa kuipunguza. Mei 2020, wakati wa UVIKO-19, Zambia ilipoufunga kwa muda mpaka wa Nakonde, foleni ikarefuka tena. Katika mazungumzo hayo yote kipo kitu kimoja kisichotajwa vya kutosha, nacho ni mguu wa dereva. Mtu aliyekaa kitini siku mbili akishika usukani, kisha akakaa tena siku nyingine akisubiri zamu, huku akijizuia kunywa maji ili asiliache lori lake kwenda kutafuta choo, ameitia damu ya miguu yake katika hali ambayo sayansi imeifahamu tangu katikati ya karne ya 19.

Wakati huo Rudolf Virchow, tabibu wa Kijerumani, alionyesha kwamba mabonge ya damu yanayokutwa katika ateri za mapafu ya maiti aghalabu hayakuzaliwa humo, bali yamesafiri kutoka katika vena za mbali, hususan za miguu. Mambo matatu ambayo baadaye yalipewa jina lake hueleza asili ya mabonge hayo: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kudhurika, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Damu ya miguuni haina moyo wake wa kuisukuma kurudi juu. Husukumwa na misuli ya mashavu ya miguu inapokaza na kulegea mtu atembeapo. Mwenye kukaa kitako ameuzima msukumo huo.

Jambo hili lilidhihirika kwa huzuni mjini London mwaka 1940. Watu waliojihifadhi katika mahandaki wakati wa mashambulizi ya ndege walilala usiku kucha juu ya viti vya turubai, ukingo wa kiti ukiwabana chini ya mapaja. Keith Simpson, mchunguzi wa maiti, aliandika mwaka huo huo kwamba vifo vya ghafla vitokanavyo na mabonge ya damu mapafuni vilikuwa vimeongezeka miongoni mwao. Miaka mingi baadaye ugonjwa huo ukaja kuitwa ugonjwa wa abiria wa ndege, na jina hilo limepotosha watu wengi, kana kwamba bonge la damu huomba tiketi. Utafiti uliotangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulieleza kwamba safari ya saa 4 au zaidi huongeza uwezekano wa ugonjwa huu takriban mara mbili, na kwamba basi, gari dogo na treni havitofautiani na ndege katika jambo hilo. Haifai kutia chumvi: hata ukizidishwa mara mbili, uwezekano wenyewe kwa mtu mmoja ni mdogo, kiasi cha mtu 1 katika 6,000 kwa safari ndefu ya ndege. Lakini mji unaopitiwa na maelfu ya wasafiri wa masafa marefu, mwaka baada ya mwaka, hauna haki ya kuuita ugonjwa huu ugonjwa wa Ulaya. Wala madereva si peke yao. Mama mjamzito, mama aliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji, mgonjwa wa kifua kikuu, mwenye kuishi na VVU, mtu aliyevunjika mguu akalazwa: wote hawa damu yao hupata wepesi wa kuganda kuliko ya wengine.

Sasa bonge likimeguka, huenda wapi? Kutoka mguuni, vena huzidi kupanuka kadiri zinavyoukaribia moyo, kwa hiyo hakuna kitu cha kulizuia njiani. Hupita upande wa kulia wa moyo, husukumwa katika ateri ya mapafu, na huko kwa mara ya kwanza hukuta mishipa inayozidi kuwa myembamba. Mapafu ndiyo chekeche la kwanza, na bonge hunasa hapo.

Hapa ndipo maelezo ya kawaida yanapokosea, na kosa lenyewe husikika hata madarasani. Husemwa kwamba bonge limeziba pafu, hewa haipiti, ndiyo maana oksijeni imepungua. Si kweli. Bonge halimo katika njia ya hewa. Limo katika njia ya damu. Hewa huingia katika vifuko vyake vidogo vya mapafu kama siku zote, na tabibu akiweka kipimo chake kifuani huenda asisikie kasoro yoyote. Mwanafunzi mwerevu husahihisha hivi: basi damu haifiki penye hewa, kwa hiyo haipati oksijeni. Amekaribia, lakini hajafika. Damu iliyozuiwa na bonge haipiti kwenda upande wa kushoto wa moyo, na isipopita haiwezi kuichafua damu ya mwilini. Sehemu ya pafu yenye hewa isiyo na damu ni hasara ya pumzi tu. Iweje basi damu inayotoka mapafuni iwe na upungufu wa oksijeni, ilhali damu yote iliyotoka imepita katika sehemu zilizo nzima?

Swali hili linastahili nafasi katika kila darasa la Baiolojia, kwa sababu jibu lake hufunua kazi yenyewe ya mapafu. Mkazi wa Tunduma anaweza kulijibu kwa kuutazama mpaka wake. Chukua madirisha mawili ya forodha, kila moja lina karani na mihuri yake. Barabara iendayo dirisha la kwanza ikizibwa, karani wa hapo hana kosa lolote. Mihuri anayo, kalamu anayo, ila lori hata moja halimfikii. Malori yote humwendea karani wa pili. Kasi ya karani huyo haijaongezeka, na kwa kuwa katika mwili hakuna kusubiri, lazima malori yote yapite. Mengi yatavuka yakiwa na karatasi zilizogongwa nusu. Hapo mfano unaishia, kwani damu haikai foleni kamwe. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kiasi cha lita 5 kwa dakika, na chembe ya damu hukaa katika kapilari ya pafu chini ya sekunde moja. Lita hizo zote zikilazimishwa kupita katika sehemu zilizobaki, hewa ya sehemu hizo haizitoshi, na damu huondoka na oksijeni pungufu. Upungufu, kwa hiyo, hutoka katika sehemu nzima iliyolemewa.

Yaweza kuulizwa kwa nini sehemu nyingine zilizo na hewa tele na damu kidogo zisifidie pengo hilo. Haziwezi, kwa sababu ya tabia ya himoglobini. Karibu oksijeni yote ya damu hubebwa nayo: mililita 100 za damu huwa na kiasi cha mililita 20 za oksijeni, na katika hizo iliyoyeyuka tu katika maji ya damu haifiki nusu mililita. Himoglobini ikishajaa, imejaa, kama debe. Hewa ikiongezwa juu yake humwagika. Damu iliyojaa asilimia 99 ikichanganywa na ile ya asilimia 80, mchanganyiko hauwezi kurudi katika hali njema. Hewa ya ukaa haina kikomo cha namna hiyo, na ndiyo maana mgonjwa apumuaye kwa kasi huweza kuipunguza hata chini ya kiwango cha kawaida, huku oksijeni yake ikiwa bado haba.

Mambo mengine huongeza uzito. Ventrikali ya kulia ya moyo, iliyozoea kazi nyepesi, hujikuta ikisukuma dhidi ya mlango uliofungwa nusu. Huvimba na kuchoka, na damu izungukayo mwilini kwa dakika hupungua. Misuli na viungo, vikipata damu kidogo, hunyonya oksijeni zaidi kutoka katika kila tone, na damu inayorudi mapafuni huwa imekauka kuliko kawaida, kwa hiyo huhitaji kujazwa zaidi na pafu lile lile lililokwisha kulemewa. Tena takriban mtu mmoja katika wanne ana kitundu kidogo kati ya vyumba vya juu vya moyo, mabaki ya maisha ya tumboni mwa mama. Kanieneo ya upande wa kulia ikipanda, kitundu hicho hufunguka na damu isiyopita mapafuni kabisa huvuka kushoto. Baada ya siku moja au mbili, vifuko vya hewa vilivyokosa damu huanza kusinyaa, kwa kuwa ute unaovizuia kusinyaa hautengenezwi tena.

Kimo cha Tunduma nacho kina neno lake, na hapa mwalimu wa Fizikia na yule wa Baiolojia yafaa waingie darasani pamoja. Pwani, kanieneo ya hewa ni milimita 760 za zebaki; Tunduma ni kiasi cha 630. Ukiondoa mvuke uliomo katika pumzi, sehemu ya oksijeni katika hewa iliyovutwa ni kama milimita 149 pwani na 122 Tunduma. Mtu mzima aliyetulia hutumia kiasi cha mililita 250 za oksijeni kwa dakika, na matumizi hayo, kwa hewa ya lita 5 inayofika penye kazi, huishusha kanieneo ya oksijeni ndani ya vifuko kwa kama milimita 43. Inabaki 106 pwani na 79 Tunduma. Wote wawili ni wazima, na himoglobini yao imejaa kwa zaidi ya asilimia 94. Sasa mchukulie kila mmoja wao amezibwa nusu ya mapafu. Nusu ya hewa yake imepotea bure, na nusu iliyobaki inatoa oksijeni yote. Mshuko huwa maradufu, milimita 86. Wa pwani hubaki na 63, ambapo himoglobini bado imejaa kwa asilimia 90 hivi. Wa Tunduma hubaki na 36, na himoglobini yake haifiki asilimia 70.

Hesabu hii ni ya ubaoni, na mwili si ubao. Hakuna mgonjwa akaaye akipumua vile vile. Pumzi ikiongezeka kwa nusu yake, wa pwani hupanda hadi 92 na wa Tunduma hadi 65, na wote wawili huweza kuonekana wana nafuu. Wakazi wa nyanda za juu nao wamezoea kupumua kidogo zaidi. Lakini maana ya hesabu haibadiliki. Mchoro wa himoglobini, ule ambao wanafunzi huuchora kwa ajili ya mtihani na kuusahau, una sehemu tambarare na sehemu ya mteremko. Mtu wa pwani husimama mbali na ukingo wa mteremko. Mtu wa Tunduma, Vwawa au Mbozi husimama karibu nao. Bonge lile lile, katika watu wawili wenye afya sawa, laweza kumwacha mmoja akitweta na kumwangusha mwingine. Anayeishi mabondeni Momba, karibu na Ziwa Rukwa, penye kimo cha takriban nusu ya kile cha Tunduma, yuko katikati yao, ingawa ni wa mkoa huo huo.

Kutokana na hayo yapo makosa mawili yanayopingana, na yote mawili huweza kutokea katika zahanati yoyote ya nyanda za juu. Kosa la kwanza ni kuusingizia mwinuko. Dereva aliyetoka pwani akipimwa kwa kile kifaa kibanwacho kidoleni, akaonekana ana asilimia 95 badala ya 97, mwinuko unatosha kueleza. Akionekana ana 88, mwinuko wa mita 1,600 pekee hauelezi. Iko sababu nyingine, na haina budi kutafutwa. Kosa la pili ni kukiamini kifaa kupita kiasi. Kijana mwenye nguvu, mwenye bonge la wastani, anaweza kupumua kwa kasi kiasi cha kuishikilia himoglobini yake katika hali njema kwa saa nyingi, na namba ya kidoleni ikaonekana nzuri. Namba nzuri haimwondolei mtu bonge. Kinachostahili kutazamwa ni mtu mzima mzima: pumzi fupi iliyoanza ghafla bila homa ya kutangulia, mapigo ya moyo ya kasi, maumivu ya kuchoma ubavuni avutapo pumzi, pengine makohozi yenye damu, na mguu mmoja uliovimba na kuuma shavuni kuliko mwenzake. Mguu huo ndio shahidi anayesahaulika, kwa sababu aliyekuja akilalamikia kifua huvuliwa shati, havuliwi suruali.

Hapa lugha nayo inahusika. Maumivu ya kuchoma ubavuni huitwa kichomi, na kichomi katika fikira za wengi ni nimonia. Jina likishatajwa, matibabu nayo yameshatajwa: vidonge vya kuua vijidudu na kurudi nyumbani, au kurudi kwenye lori. Jina hilo halina kosa lolote kama jina la maumivu. Hudhuru linapochukuliwa kuwa jina la chanzo chake. Tena mwanafunzi wa sekondari hujifunza njia ya damu kutoka vena kuu hadi ateri ya mapafu kwa Kiingereza, akaikariri barabara, akapata alama zake. Lakini baba yake akipiga simu kutoka kwenye foleni na kusema mguu umevimba na pumzi haitoshi, elimu hiyo haina maneno ya kumjibu. Elimu ya namna hiyo imefika mtihanini tu. Walimu wa Songwe hawawezi kuibadili lugha ya kufundishia kwa uamuzi wao, lakini hakuna kanuni inayowakataza kumwambia mwanafunzi alieleze jambo hili mara ya pili kwa Kiswahili, kana kwamba anamweleza utingo.

Na lipo jambo la kumwambia, kwa kuwa ugonjwa huu hutibika. Mwaka 1960, nchini Uingereza, Barritt na Jordan walichapisha jaribio dogo ambalo halijarudiwa kwa namna ile, kwa sababu matokeo yake yalifanya kurudiwa kuwa jambo lisilovumilika. Wagonjwa 19 wenye mabonge mapafuni hawakupewa dawa ya kuzuia damu kuganda. 5 walikufa kwa mabonge, na wengine 5 wakapata mabonge mapya ingawa hawakufa. Katika wagonjwa 16 waliopewa dawa, hakuna aliyekufa kwa bonge. Dawa zenyewe hazikuwa ngeni: heparini ilikuwa imegunduliwa mwaka 1916, na zile za kumeza zilitokana na uchunguzi wa majani makavu yaliyooza, yaliyowafanya ng'ombe wa Amerika Kaskazini watokwe damu hadi kufa. Mojawapo, warfarini, iliuzwa kwanza kama sumu ya panya. Dawa hizi haziyeyushi bonge. Hulizuia lisikue na kuzuia jingine lisifuate, na mwili wenyewe hulila lile lililopo polepole. Oksijeni ya mtungi humpa mgonjwa nafuu ya kweli, kwa kuwa huitajirisha hewa ya sehemu zile zilizolemewa, lakini haimtibu. Mwenye kuona namba ya kidoleni imepanda kwa mtungi na kumruhusu mgonjwa aondoke, amempandisha bonde moja na kumwacha kabla ya mlima.

Picha ya kuthibitisha bonge huhitaji mitambo ya hospitali kubwa, na kutoka Tunduma hadi Mbeya, penye hospitali ya rufaa ya kanda, ni mwendo wa kilomita 100 hivi. Masafa hayo ndiyo yanayoufanya ujuzi wa mtu wa kwanza kumwona mgonjwa uwe na thamani kubwa: mganga wa zahanati, mwenzake wa lori, mama lishe wa kando ya barabara, binti wa kidato cha tatu. UVIKO-19 ulipofika ulitoa ushahidi wake wenyewe, maana wachunguzi wa maiti mwaka 2020 walikuta mabonge madogo mengi katika kapilari za mapafu ya waliokufa. Watu wakajua ghafla majina ya vifaa vya kupimia oksijeni, na vifaa vikanunuliwa. Kifaa kikishanunuliwa bila kufundishwa namba yake inatoka wapi, hugeuka kuwa hirizi.

Kwa mintarafu ya foleni yenyewe, hoja za forodha zitaendelea kujadiliwa na wenye kazi hiyo. Lakini wanaopanga maegesho ya malori hawana budi kuuhesabu mguu pamoja na mzigo. Choo safi kilicho karibu humfanya dereva asiogope kunywa maji. Ulinzi wa kuaminika humruhusu ashuke na kutembea nusu saa bila hofu ya kuibiwa mafuta. Kivuli na njia ya kutembelea si anasa ya hoteli. Na ubao wa matangazo penye maegesho, ambao kwa kawaida hubeba viwango vya ushuru na maonyo ya magendo, una nafasi ya kutosha kwa sentensi moja ya Kiswahili iliyotungwa na wanafunzi wa sekondari ya jirani: mguu mmoja ukivimba na pumzi ikafupika, usisubiri zamu yako, nenda hospitali leo.